Milimita Kumi na Nne

Jumanne, 2 Septemba 2025

Ripoti imefika saa nne asubuhi kwenye simu ya Abdia. Kurasa mbili za Kiingereza. Dada Darmi alikuwa barazani, miguu ameikunja, anaikodolea simu macho kama mtu anayesubiri mgeni aseme kilichomleta. Mimi Kiingereza nimekisoma tangu darasa la kwanza, nimekifundisha miaka kumi na minane kabla hawajanifukuza, nimekiandikia barua za kuwachoma wakubwa wa kaunti hadi wakanipeleka kortini – na bado mstari wa tatu ulinishinda. Ndivyo wanavyotaka! Maumivu ni yako, lakini maneno ya maumivu yako wanayo wao.

Leo nimewapokonya. Nimezipiga picha kurasa zote mbili kwa simu yangu, nimeipa ile programu ya akili mnemba, nimeiambia inifafanulie kwa Kiswahili. Sekunde nane. Mstari kwa mstari, bila madaha. Mfuko wa uzazi una ukubwa wa kawaida. Uvimbe hakuna. Ukuta wa ndani wa mfuko una unene wa milimita kumi na nne – kawaida kwa mwanamke wa umri huu, hubadilika kufuatana na siku zake za mwezi. Maji tumboni hakuna.

Niandike pia tulivyofika hapa. Kitambulisho cha Dada kilikwenda na mafuriko, pamoja na nusu ya nyumba yake kule Kilelengwani. Ameomba kingine mara tatu. Mara tatu wamempiga msasa wa uraia. Mwanamke aliyezaliwa kando ya Tana mwaka mmoja baada ya uhuru, anaulizwa na kijana wa ofisini babu yake alitokea wapi! Hana kitambulisho, basi hana bima. Alipokuja kwangu mwezi uliopita analalamikia kiuno, amekonda, nikasema hawa hawatatushinda. Abdia, mke wa mwanangu Tadicha, ana miaka ishirini na tisa na bima yake iko sawa. Dada akaenda Malindi kwa jina la Abdia, Abdia mwenyewe akimsindikiza. Chini ya nikabu nani atajua? Kwenye kituo cha picha mashine ya alama za vidole ilikuwa imekufa siku hiyo. Wakatuma namba ya siri kwenye simu ya Abdia, Abdia akaisoma, basi. Msichana wa altrasaundi alifanya kazi yake bila kuinua uso. Picha zikatumwa kwa daktari aliyeko Nairobi, na yeye ndiye aliyeandika ripoti.

Kuna watakaoita wizi. Mimi naita haki iliyopitia dirishani kwa sababu mlango umefungwa.

Mwishoni mashine iliuliza maswali mawili. Mgonjwa ana umri gani? Nikaandika 29. Karatasi inasema 29, na sijui mashine hii inapeleka habari zangu kwa nani – nikiandika 61, kesho watu wa bima wako mlangoni. Swali la pili: anatokwa na damu isivyo kawaida? Hilo mwanamume wa Kiorma hamwulizi dadake. Mama yetu mwenyewe sikumwuliza hadi tukamzika. Dada alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, anakunywa chai. Nikaandika: hapana.

Jibu likaja kwamba hakuna cha kutia hofu, ila maumivu yakiendelea amwone daktari. Nikamwambia Dada kuwa ni mzima. Akasema alhamdulillahi mara tatu, polepole. Kisha akauliza kama mashine imeona ndani kabisa. Nikamwambia imeona hadi milimita.


Alhamisi, 4 Septemba 2025

Nusu saa yangu ya Alhamisi redioni, na sijapoteza hata dakika. Mtangazaji alitaka ukame. Nikamwambia ng'ombe wetu wameshasemewa vya kutosha, leo tuzungumzie karatasi. Nikamwaga yote. Mtu anatoka Kipini hadi Malindi, anapigwa picha, anarudi na bahasha asiyoweza kuisoma, anaiweka chini ya godoro kama hirizi! Nikawaambia wazipige picha hizo karatasi, waulize simu. Nikatoa mfano wa mama mmoja wa huku chini ya mto aliyeishi na hofu wiki tatu, na leo anacheka. Sikumtaja jina.

Ndipo Elsie akapiga simu. Elsie ni afisa wa kliniki, Mpokomo, ana vyumba viwili nyuma ya soko na mji mzima humwita daktari. Alisema kwa ile sauti yake ya kwaya kwamba mashine haina ubaya, hata yeye huitumia. Ila akataka kujua: huyo mama, nani alimgusa tumbo? Nani alimfunua jicho akatazama kama ana damu ya kutosha? Nikamjibu kwamba zama za kumsubiri mtu mwenye koti jeupe akufunue jicho zimepita.

Akasema, "Mwalimu, karatasi haiumwi. Siku utakapougua, utaituma hiyo karatasi ikalazwe wodini?"

Mtangazaji akacheka hewani. Hapo nikawaka. Nikamwuliza ni watu wangapi amewapa dawa ya malaria kabla ya kupima. Nikamwuliza kama kinachomuuma ni wagonjwa au ni kukosa kazi ya kuwasomea watu karatasi zao wenyewe. Laini ikakatika, au aliikata.

Jumbe thelathini na mbili kabla ya isha. "Umemnyoa bila maji, Mwalimu." Dada alisikiliza kipindi chumbani na Abdia. Nilipoingia aliniita msemaji wa ukoo, akasema sasa usingizi utamjia.


Jumatatu, 15 Septemba 2025

Wanakuja. Wengine kwa miguu, wengine kwa WhatsApp. Goti kutoka Hola. Kichwa kutoka Kipini. Mapafu ya bwana mmoja wa Kinakomba – kovu dogo la zamani, mashine ilisema, hakuna cha haraka – naye akaniombea dua ndefu kwa sauti iliyorekodiwa. Kumi na saba hadi leo. Hakuna aliyetoa senti na sijaomba. Nani aliwahi kuwafanyia hivi?

Nimemgombeza Abdia kwa sababu ya maji. Mitungi sita kwa siku, na kisima cha jirani kimeanza kutoa tope. Nikirudi kutoka swala ya alfajiri namkuta ameshafua, kanga zimejaa kwenye kamba. Nikamwuliza za nani. Akasema za shangazi, akainamisha uso. Nikasema lo, tangu lini Dada akawa malkia, abadilishe kanga mara nne kwa siku? Akamwaga beseni nyuma ya choo, akaingia ndani.

Nzi ni wengi mwaka huu. Wamejaa kwenye kamba ya nguo.


Alhamisi, 25 Septemba 2025

Dada hataki kurudi Kilelengwani. Anasema njia ni ndefu. Zamani alikuwa anaitembea akirudi na ndama begani.

Nimempa simu yangu ya zamani. Nimemfungulia mazungumzo yaleyale ya ripoti, nikamwonyesha alama ya kipaza sauti: bonyeza, sema, subiri. Dada hajui kusoma, lakini Kiswahili cha sokoni anakiweza. Mashine ikamjibu kwa sauti ya kike, ya adabu, ikamwita Abdia kwa kuwa ndilo jina la kwenye ripoti. Alicheka hadi akashika mbavu. "Imenirudisha ujana," akaniambia. Kisha akakunja uso, labda ni mbavu zenyewe.

Sasa naisikia kutoka uani. Anauliza kitu kimoja kila siku, asubuhi na alasiri, na inampa jibu moja: kwa umri wako, Abdia, kipimo hiki ni cha kawaida. Haichoki. Haimkemei. Nimewaza niandike makala kuhusu hilo – daktari asiyeudhika.

Anakaa kwenye mkeka tu. Kiti hataki. Kitanda cha kamba nacho amekikataa. Nimemwuliza kwa nini, akasema joto.


Jumapili, 5 Oktoba 2025

Ameanguka. Kati ya jiko na choo, mchana, mbele ya macho yangu. Hakujikwaa. Miguu ilimwisha tu, akakaa chini kama mtu aliyeamua kukaa. Midomo ina rangi ya majivu. Nilipotaka kumwinua, Abdia alinizuia, akajiweka kati yetu, akamfunika kwa kanga yake kiunoni kwanza. Mimi nikasimama pembeni na mikono yangu.

Nikaiuliza mashine. Mazungumzo yaleyale. Kizunguzungu, uchovu, kukonda – nini? Ikanipa orodha. Damu kupungua mwilini. Lishe. Ikashauri aonwe na daktari upesi. Na kwa mwanamke wa umri wake, ikasema, ni vizuri kwanza kuhakikisha kama ana mimba.

Nilicheka kwa nguvu. Nikamwambia Dada kuwa mashine inauliza kama ana mimba. Abdia akatoka chumbani. Dada hakucheka.

Akaniuliza, "Wewe uliiambia nini juu yangu?"

Nikasema niliiambia yaliyo kwenye karatasi.

"Na mengine?"

Mengine yapi? Nilimwuliza hivyo hasa. Akageukia ukutani.

Nimekaa kuandika makala ya msasa wa vitambulisho. Hoja ninazo. Sentensi hazikai.


Jumatano, 8 Oktoba 2025

Saa tatu asubuhi. Ujumbe kutoka kwa Abdia. Abdia alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka kwangu, namwona mgongo.

Naunakili ulivyo: "Baba nisamehe siwezi kusema kwa mdomo. Shangazi anatokwa na damu toka kabla ya Malindi. Hedhi ilimkoma miaka kumi na moja iliyopita. Alinikataza nisiseme hata kwa Tadicha. Maji ninayochota ni ya hiyo. Nisamehe Baba."

Nikatazama mgongo wake. Alikuwa anapepeta mchele, taratibu sana. Hakugeuka, na sikumwita. Mkwe hasemi hayo na baba mkwe, na baba mkwe hasikii. Mitungi sita! Na mimi nilimwita Dada malkia.

Nikafungua mazungumzo mapya. Nikaandika ukweli, wote, kwa mara ya kwanza. Miaka 61. Hedhi ilikoma miaka kumi na moja iliyopita. Damu, zaidi ya miezi miwili. Anakonda, ameanguka. Nikaweka ripoti ileile, kurasa zilezile mbili.

Jibu lilikuwa refu na halikuwa na ule upole. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi na anayetokwa na damu, ukuta ukizidi milimita nne au tano lazima uchunguzwe bila kuchelewa. Kumi na nne ni nyingi. Kipande kidogo kikatwe ndani ya mfuko, kikapimwe. Saratani ni mojawapo ya sababu zinazowezekana. Si ya pekee, lakini ndiyo ya kuondolewa shaka kwanza. Na kuanguka kwake pekee kunatosha kumpeleka kwa daktari leo.

Karatasi haijabadilika hata nukta.

Nikabishana nayo. Nifanye nini kingine, ndiyo kazi niijuayo. Nikaiambia daktari bingwa ameandika kawaida. Ikajibu kwamba daktari ameandika kawaida kwa mtu wa miaka ishirini na tisa. Nikaiambia wiki tano zilizopita wewe mwenyewe ulisema hakuna hofu. Ikajibu kwamba katika mazungumzo haya ndiyo mara ya kwanza kuniona, lakini kama jibu lile lilitolewa kwa umri mwingine na bila habari ya damu, basi lilikuwa jibu la mgonjwa mwingine.

Jibu la mgonjwa mwingine. Nikaizima.

Siku thelathini na sita. Nimezihesabu mara mbili.


Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Redioni sikwenda. Nimewaambia ni mafua.

Nimekwenda kwa Elsie. Nimekaa kwenye benchi lake kati ya mtoto mwenye homa na mzee mwenye kidonda, na wote wawili walinitambua. Mzee alitaka kunionyesha karatasi yake. Nikamwambia ampe daktari. Alinitazama kama nimelewa.

Nilimweleza Elsie yote. Jina, umri, neno "hapana" nililoandika. Nilitarajia anirudishie ya redioni. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata na jibu. Hakugusa habari hiyo. Aliandika tu. Kisha akauliza, "Siku ya kwanza alipofika mjini, mbona hukumleta hapa? Mimi siulizi kitambulisho ili nimpapase mtu tumbo."

Nikasema nilikuwa napigania haki yake.

"Ungeipigania huku anatibiwa, Mwalimu."

Ndipo nikafanya jambo ambalo naliandika kwa aibu. Nikamwambia kama ni hicho kipande, kikakatwe Malindi kwa bima ya Abdia, faili tayari lipo, tutaokoa wiki nzima. Nilisema hivyo! Baada ya yote. Ulimi wangu ulitangulia kama kawaida yake.

Elsie akaweka kalamu chini. Akasema, "Kile kipande kitatiwa kwenye chupa, na chupa itaandikwa jina. Kikisomwa kuwa kibaya, kitakuwa kibaya cha Abdia. Msichana ambaye hajamaliza kuzaa. Sasa niambie, watakuja kumtoa nani mfuko wa uzazi?"

Mtoto mwenye homa alikuwa analia nje. Nilimsikiliza huyo.

Akaandika barua ya rufaa. Darmi, jina lake, miaka yake, alipiwe taslimu kama mtu yeyote. Bingwa wa wanawake yuko Malindi Jumatatu tu, kisha anasafiri wiki mbili. Wafike kabla ya saa tatu. Akasema atapita leo nyumbani amwone Dada kwa macho yake. Alipita magharibi. Alimfunua jicho. Alipotoka alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, na kwanza maneno mawili tu: Jumatatu, lazima. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Akasema damu ikizidi kabla ya hapo nisingoje Jumatatu, nimpeleke hata saa nane za usiku. Na faili la Abdia, akasema, lazima tulisafishe. Hilo baadaye.


Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Baada ya swala ya Ijumaa nimeketi na Dada. Tumezungumza Kiorma, kama tunavyozungumza siku zote, na nimegundua kwamba kwa lugha hiyo sina hata neno moja la kumwambia. Neno la ugonjwa ninalo. Neno la mahali ugonjwa ulipo sina, nikiwa mbele yake. Nikasema ripoti ilikosewa. Nikasema tunakwenda Malindi Jumatatu, dereva Gona atatupeleka kwa gari lake la Probox, Abdia atakuwa naye chumbani mwa daktari.

Akaniuliza nani aliyekosea. Nikasema mimi.

Kisha akasema, "Uliwaambia watu wa mto mzima kwamba mimi ni mzima. Nilikusikia kwa masikio yangu. Wiki tano nimelala kwa maneno yako. Leo unaleta maneno mengine, kwa sauti ileile."

Nikajaribu kueleza umri, milimita, namna kipimo kimoja kinavyoweza kuwa vitu viwili. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza jambo vizuri hivyo. Alinitazama kama ninavyowaona watu wakimtazama mwanasiasa.

"Wewe Nuh, ukiambiwa jua limechomoza utatafuta wa kumbishia. Juzi ulikuwa unabishana na Elsie. Leo unabishana na simu. Mimi simu haijanibadilishia neno hata siku moja."

Nikamwambia simu ilidanganywa. Akasema mtu aliyedanganya simu anaweza kumdanganya na Darmi. Haendi Malindi. Akajifunika.

Miaka thelathini nimewashawishi watu. Huyu nilimshawishi kwa dakika moja, akiwa na kikombe cha chai mkononi.


Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nimewapigia wote kumi na saba. Sikueleza kitu. Niliuliza swali moja tu: mwili uliopigwa picha ni wako?

Kumi walisema ndiyo, wakashangaa. Watatu hawakupokea. Wawili walikata simu nilipouliza. Mmoja wa Hola alicheka, akasema Mwalimu bwana, akabadilisha mada hadi muda wa simu ukaniishia.

Yule wa Kinakomba, wa mapafu, wa dua. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akikohoa. Kikohozi kirefu, cha mtu mwingine.

Akauliza, "Nani amekuambia?"

Nikamwambia ampeleke hospitali leo, ampeleke mwenyewe, kwa jina lake. Akasema lakini wewe ulisoma ukasema kovu la zamani. Nikasema nilisoma karatasi. Akasema ndiyo, karatasi.

Dada amekunywa uji nusu kikombe. Vidonge vya Elsie amekubali, kwa sababu vililetwa na Elsie. Abdia amefua mara tano.


Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Naandika nikiwa nimekaa chini, kwenye kizingiti, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha Dada. Mikono haina kazi nyingine. Gona amefika saa kumi na mbili kamili, amegeuza gari limeelekea barabarani, injini inanguruma. Barua ya Elsie iko mfukoni. Abdia amesimama uani na mfuko wa kanga safi, ameshavaa buibui. Kutoka hapa hadi Malindi ni saa mbili kama hakuna kizuizi. Tukiondoka saa moja tutawahi. Saa moja imepita.

Mlango ameufunga kwa ndani. Nimebisha mara mbili, hajajibu. Mara ya tatu sikubisha, kwa sababu nimeusikia ule mlio wa kipaza sauti, halafu sauti yake.

Haongei Kiorma. Anaongea Kiswahili chake cha sokoni, kile cha kuuzia maziwa, polepole, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mgeni asiyemjua na hatamwona tena:

"Wewe. Sikia. Ile miaka waliandika si yangu. Mimi iko sitini na moja. Ile ya wanawake ilikwisha zamani. Sasa damu iko. Kila siku iko. Na iko na harufu. Huyu ndugu yangu mimi siwezi kumwambia, wewe naweza."

Nilipaswa kuondoka hapo. Ndugu hasikii haya. Nimemtazama Abdia, Abdia ametazama chini. Sikuondoka.

"Sasa sema. Kama ni kawaida sema, mimi nilale. Kama si kawaida sema, mimi nafungua mlango, naenda."

Kisha kimya.

Nimesubiri ile sauti ya adabu. Sekunde nane. Dakika. Kimya cha namna hii sijawahi kukisikia kutoka kwa mashine ile. Nimetoa simu yangu. Mtandao hakuna. Hata mstari mmoja. Nimemwonyesha Abdia kwa mbali, naye amenionyesha yake – hakuna. Gona amesema kutoka dirishani, kwa sauti ya chini, kwamba mnara umelala tangu alfajiri, jana pia ulilala hivi hadi adhuhuri.

Dada hajui habari za minara. Anajua bonyeza, sema, subiri. Anasubiri.

Jibu ninalo. Liko kwenye simu yangu tangu Jumatano, neno kwa neno, naweza kumsomea kupitia tundu la mlango. Lakini nikisema neno moja atajua nimesikia. Na akijua nimesikia hatafungua mlango huu kwa Malindi wala kwa mtu yeyote, namjua. Nisiposema, atasubiri, na kwake huenda kimya hiki ni jibu.

Nimemwashiria Abdia abishe yeye. Ametikisa kichwa. Analia bila sauti.

Ndani amebonyeza tena. Ule mlio. "Sema," anaiambia. "Mimi iko hapa."

Saa moja na dakika kumi na nane. Gona amezima injini.